Leja ya hamu

Jumatano moja asubuhi nilipanda daladala pale Rangi Tatu nikiwa na daftari na kalamu tatu, mbili za bluu na moja nyeusi. Daftari nilikuwa nimepewa wiki mbili nyuma kliniki, nilikokwenda kuomba msaada wa kuacha sigara. Nilikuwa nimelipiga mistari mwenyewe kwa rula, safu nne: siku, saa, mahali, hali. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuandika kila sigara kabla sijaiwasha. Siku mbili za mwanzo niliandika. Ya tatu nikasahau, ya nne nikaona aibu kwa kusahau, na kuanzia hapo daftari likalala kwenye droo ya stoo pamoja na risiti za zamani. Siku kumi na mbili zilizobaki nilizijaza kati ya Mbagala na Kariakoo, foleni ikinipa nafasi.

Mimi ni mtunza stoo. Miaka tisa sasa napokea mali na kutoa mali, na leja iliyojazwa kwa mkupuo naijua hata kabla sijaisoma. Wino ni mmoja, mkono ni mmoja, tarakimu zimekaa sawasawa kwa sababu aliyeziandika alikuwa ameketi mahali pamoja, hana haraka. Leja ya kweli ina jasho na kosa lililokatwa, na pengine mstari umepinda kwa sababu gari lilikuwa linasubiri. Nilijua mtu atakayekagua angetafuta nini. Ndiyo maana nilibeba kalamu tatu.

Sista aliyekuwa ananihudumia alipitisha kidole kwenye safu ya nne, juu mpaka chini. Karibu kila mstari nilikuwa nimeandika neno lile lile: mawazo. Akaniuliza, "Kaka yangu, Jumapili ile saa tisa alasiri, mawazo yalikuwa ya nini?"

Sikuwa na jibu. Niliandika mawazo kwa sababu ndivyo tunavyosema. Mtu akivuta sana ana mawazo, akinywa ana mawazo, akirudia unga baada ya miezi sita ya kukaa vizuri, jirani atakwambia, "Alikuwa na mawazo yule." Neno hilo tunalo tayari mdomoni, hatuhitaji kuangalia kilichotokea.

Sista hakunigombeza. Alisema wengi wanaopewa madaftari hufanya hivyo hivyo, na kwamba Marekani walishawahi kulipima jambo hilo kwa vifaa. Nilidhani ananifariji tu. Usiku nikautafuta utafiti wenyewe kwenye simu, nikausoma kwa shida na kamusi pembeni. Sijaacha kusoma habari hizi tangu siku ile.

Ulichapishwa mwaka 2002 katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ. Arthur Stone, Saul Shiffman na wenzao walichukua watu 80 wenye maumivu ya muda mrefu, wakawagawa nusu kwa nusu. Nusu walipewa shajara ya karatasi, nusu wakapewa kompyuta ndogo ya kiganjani inayolia saa ya kuandika ikifika. Wote walitakiwa kuandika maumivu yao mara tatu kwa siku, saa 4 asubuhi, saa 10 jioni na saa 2 usiku, kwa muda wa siku 21. Kitu ambacho wale wa karatasi hawakukijua ni kwamba ndani ya jalada la shajara kulifichwa kifaa kinachohisi mwanga. Kila jalada lilipofunguliwa, kifaa kiliandika saa.

Wale wa karatasi walirudisha kurasa zinazoonyesha kwamba wameandika kwa wakati asilimia 90 ya mara walizotakiwa. Kifaa kilisema asilimia 11. Kati ya siku zote, asilimia 32 jalada halikufunguliwa hata mara moja, ila kurasa za siku hizo zilikuja zimejaa. Kuna waliojaza hata kurasa za siku ambazo zilikuwa bado hazijafika. Wenye kompyuta ya kiganjani walifikia asilimia 94, kwa sababu kile kifaa hakikuwaruhusu kurudi nyuma. Saa ikipita, imepita.

Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu. Wale hawakuwa wamechaguliwa kwa ulevi wala kwa kuvuta. Walikuwa wagonjwa wa maumivu, watu wazima, wasio na cha kuficha. Kumbe kalamu zangu tatu hazikuwa tabia ya mraibu peke yake.

Shiffman ndiye niliyemfuatilia zaidi. Ni mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia kwenye swali moja: mtu aliyeacha sigara anarudije? Zamani jibu lilitafutwa kwa kumkalisha mtu chini miezi kadhaa baadaye na kumwambia, hebu tueleze ilikuwaje. Watu walieleza, na walieleza vizuri, hadithi zenye mwanzo na mwisho. Shiffman akawapa watu kompyuta za kiganjani waandike pale pale walipoteleza. Kisha, wiki 12 baadaye, akawauliza 127 kati yao wasimulie tukio lile lile kwa kumbukumbu, akalinganisha maandishi na masimulizi. Matokeo aliyatoa mwaka 1997. Havikufanana. Hali ya moyo, alichokuwa anafanya, kilichomchochea, vyote vilikumbukwa vibaya. Watu walikumbuka hisia mbaya nyingi kuliko walizokuwa wameziandika, na sigara nyingi kuliko walizovuta siku ile. Zaidi ya hapo, aliyekuwa amesharudia kuvuta alikumbuka tukio kwa namna moja na aliyekuwa bado amejizuia akalikumbuka kwa namna nyingine. Leo ilikuwa inaiandika jana upya.

Hapo ndipo mtunza stoo ndani yangu aliposhtuka. Sisi mali ikipungua hatumuulizi mtu akumbuke. Tunafungua leja. Lakini kwenye jambo zito kama uraibu, ambalo linavunja nyumba na kuua, tumeridhika na mtu kukumbuka.

Njia yenyewe ya kumuuliza mtu pale pale ina historia yake. Miaka ya 1970 huko Chicago, Mihaly Csikszentmihalyi na wenzake waliwavisha vijana peja, zile za kulia tu, na kila zilipolia kijana alijaza karatasi: uko wapi, unafanya nini, unawaza nini. Stone na Shiffman mwaka 1994 wakaipa njia hii jina na kuieleza itumike vipi katika tiba na tabia. Ukiondoa maneno makubwa, wazo ni hili: muulize mtu akiwa kwenye maisha yake ya kawaida, muulize sasa hivi, muulize mara nyingi.

Lakini kuna jambo moja ndani ya njia hiyo ambalo lilinichukua muda kulielewa, na naona ndilo lenye uzito kuliko vifaa vyenyewe. Kompyuta ile haikuandika sigara peke yake. Ililia pia nyakati za kubahatisha, wakati mtu havuti, ikamuuliza maswali yale yale.

Kwa nini? Chukua mfano wangu. Tuseme nimeandika sigara mia, na katika themanini kati ya hizo nilikuwa nimechoka. Utasema uchovu ndio unanivutisha. Lakini mimi nimechoka muda wote! Nabeba maboksi tangu saa moja asubuhi. Kama ukiniuliza saa yoyote ile, naivuta au siivuti, nitakujibu nimechoka mara themanini kwa mia, basi uchovu haukuelezi chochote. Ili ujue kitu fulani kinaita sigara, lazima ujue kitu hicho kipo mara ngapi sigara isipokuwepo. Mlio wa kubahatisha ndio unaokupa hesabu ya pili. Mtu mmoja anakuwa kipimo cha nafsi yake.

Shiffman alipofanya hesabu hiyo kwa wavutaji waliokuwa bado hawajaacha, utafiti uliotoka mwaka 2002, ile imani kwamba mtu huvuta kwa sababu ya msongo haikusimama. Katika siku ya kawaida uvutaji haukuwa na uhusiano na hali mbaya ya moyo, wala nzuri. Ulikuwa na uhusiano na hamu yenyewe, na kwa kiasi na kahawa, chakula, na kuwepo kwa wavutaji wengine. Kwa aliyekwisha kuacha mambo ni tofauti, kwa sababu hasira na huzuni humtelezesha kweli, na pombe pia. Ina maana kinachokufanya uvute kila siku na kinachokurudisha ukishaacha vinaweza kuwa vitu viwili, na mimi nilikuwa nimevibandika vyote jina moja.

Nikaamua kujaribu upya, safari hii bila daftari. Niliweka simu iniite mara sita kwa siku, saa ambazo nilimwomba mke wangu azipange bila kuniambia. Ikilia najibu maneno manne katika ujumbe ninaojitumia mwenyewe. Na kila sigara, kabla ya kiberiti, ujumbe. Sikuweza kuurudisha nyuma kwa sababu simu inaandika saa yenyewe.

Wiki tatu. Mlio wa kwanza ulinikuta juu ya ngazi, nimeshika katoni ya misumari. Nikashuka, nikaandika: stoo, kazi, nimechoka, hamu hakuna. Hamu hakuna! Ningekuapia kabla ya siku ile kwamba natamani sigara saa ishirini na nne. Kumbe asubuhi yote, kazi ikichanganya, sitamani kabisa. Bosi akinifokea niliandika hasira, hamu hakuna. Sigara zilikuwa mahali pengine. Zilikuwa kwenye kusubiri. Gari la mzigo limechelewa, sigara. Mteja anatafuta hela ya kuongezea, sigara. Chai ya saa nne kwa mama ntilie, sigara mbili, ya pili kwa sababu wa pembeni amewasha. Na idadi ilikuwa nyingine pia. Nilikuwa nawaambia watu navuta kama kumi hivi. Watafiti wanaijua hiyo kumi. Watu wakiulizwa hujibu kumi, ishirini, tarakimu zinazoishia na sifuri, ilhali kompyuta ya kiganjani inaandika kumi na mbili, saba, kumi na nne. Mimi nilikuwa navuta kumi na tatu.

Niliacha miezi miwili baadaye, kwa dawa na kwa msaada wa sista yule yule. Sisemi simu ndiyo iliniachisha. Ila nilijua mlango wangu upo wapi, na haukuwa nilipokuwa nimeweka mlinzi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii, nalo si sigara.

Nina kaka, mtoto wa mama mkubwa, ambaye tumelala naye kitanda kimoja utotoni kule Tanga. Alianza na kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, akahamia kwenye kete, kisha sindano. Mungu alimnusuru. Tanzania ilianza kutoa methadone, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, Muhimbili mwaka 2011, na vituo vikaongezeka. Leo kaka yangu ni mmoja wa watu wanaoamka kila siku, Krismasi na Iddi, kwenda kunywa dawa mbele ya muuguzi. Alosto, yale mateso ya kukosa unga, haimsumbui tena. Hamu ipo.

Na kila anapoteleza, familia nzima tuna jibu: kijiwe. Marafiki. Ule mtaa. Tukamhamisha mtaa.

Huko Baltimore, David Epstein na Kenzie Preston wa taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza madawa ya kulevya wamefanya kazi na watu kama kaka yangu hasa, waliokuwa kwenye methadone lakini bado wanatumia heroini na kokeini. Mwaka 2009 walitoa matokeo ya watu 114 waliotembea na kompyuta za kiganjani. Mtu akipata hamu aliandika, akitumia aliandika, na kifaa kililia pia saa za kubahatisha. Kisha wakaangalia saa tano zilizotangulia. Kabla ya kutumia kokeini dalili zilipanda taratibu, saa baada ya saa: ameiona, amejaribiwa ghafla, anataka kujua itakuwaje akitumia. Nyingine ilikuwa furaha. Moyo mzuri ulipanda kabla ya kokeini. Hamu ya heroini ilitanguliwa na huzuni na hasira. Na utumiaji wa heroini wenyewe haukuwa na uhusiano wa kutegemewa na vichochezi vingi walivyouliza.

Soma tena hapo. Dawa mbili, mara nyingi kwenye mwili mmoja, na kila moja na njia yake. Neno letu mawazo linazifunika zote.

Mwaka 2014 kundi lile lile lilitoa utafiti mwingine, safari hii vifaa vikiwa vinajua mtu yupo wapi. Watu 27, wiki 16. Walikuwa wamepima mitaa ya Baltimore kwa kuangalia nyumba zilizobomoka, takataka, dalili za mtaa ulioachwa. Walitarajia hamu na msongo viongezeke mtu akiwa kwenye mitaa hiyo. Vilipungua. Sijui kama Dar ingetoa jibu hilo hilo, na watu 27 ni wachache, lakini niliposoma nilimfikiria kaka tuliyemng'oa Temeke kwa nguvu.

Nililala na jambo hilo siku kadhaa kabla ya kumwambia. Niliogopa. Simu inayobeba maungamo ya mtu si kitu cha kuchezea. Watafiti wanakuwa na kamati za maadili, wanaficha majina kwa namba, mimi sina chochote. Ujumbe unaosema nimetumia, saa fulani, mahali fulani, ukiangukia mikono isiyofaa unaweza kumpeleka mtu jela. Na nilijua watu watasema, teja ukimpa simu ataiuza. Kuna watafiti waliowahi kuwapa simu watu 30 wasio na makazi, waraibu wa kokeini waliokuwa kwenye matibabu huko Birmingham, Alabama, na watu hao walipiga na kujibu. Sitaki kulipamba. Ila neno teja kwetu lina maana ya mtu ambaye kauli yake haina thamani, na nadhani ndilo linalotuzuia kumuuliza.

Nilimwambia kaka, tukiwa tumekaa kwenye kibaraza cha nyumba. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mdogo wangu," akasema, "toka nianze kutumia nimeulizwa maswali mangapi? Polisi, mama, masheikh, madaktari. Wote wanauliza umetumia, hujatumia. Hakuna aliyewahi kuniuliza saa hii nasikiaje."

Tukakubaliana. Hataandika habari ya kutumia hata mara moja, iwe ametumia au hakutumia. Nitamtumia alama ya kuuliza tu, saa yoyote, naye atajibu mahali na hali, basi. Jumbe tutazifuta kila Ijumaa baada ya mimi kuzinakili kwenye karatasi isiyo na jina. Hilo si utafiti, nalijua. Ni ndugu wawili.

Wiki mbili za kwanza alijibu mara 41 kati ya 50. Nilizipanga mezani usiku kama ninavyopanga kadi za stoo mwisho wa mwezi. Kijiweni alikokuwa bado anapita: poa, poa, nimechoka, poa, njaa. Kituo cha dawa: poa. Kwenye daladala: usingizi. Neno hasira lilikuwepo mara saba. Mara sita kati ya saba safu ya mahali ilisema nyumbani, na mojawapo alikuwa ameongeza maneno ambayo hatukukubaliana aongeze: Mama kaficha pochi nilipoingia.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka mama aone. Nilimsomea mama mkubwa mstari mmoja mmoja, kaka akiwa amekaa kwenye mkeka anaangalia mlango. Nilipofika pale kwenye pochi mama alinyoosha mkono nisimame.

"Siku gani hiyo?"

"Jumanne, mama. Saa mbili na dakika kumi usiku."

Akafikiri. Nilimwona anaitafuta siku hiyo. "Jumanne taa ilikatika," akasema. "Nilikuwa natafuta kurunzi kwenye pochi. Mwanangu, mimi sikukusikia ukiingia."

Kaka hakugeuka. Sikujua nani kati yao alikuwa amekumbuka sawasawa, na hawakuniuliza. Nilichukua kalamu, pembeni ya mstari wa Jumanne nikaandika maneno ya mama kama alivyoyatamka, na chini yake nikaweka saa niliyoyasikia.